Shimo Lisilo na Nzi

Boma la Tobiko, njia ya kushukia Olbalbal
6 Juni 2023

Hyasinta mpendwa,

Emilian, yule dereva wa boza la dizeli la wajenzi wa barabara, ameniambia uliteleza korongoni huko kazini Singida, na kwamba sasa uko kwenu Endamarariek umefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka juu ya goti. Pole sana, ndugu yangu. Nilicheka kidogo pia, usinichukie. Tulipokuwa bwenini ulikuwa unaruka ukuta wa shule kama swala, na leo jiwe limekupata wewe mwenyewe unayejiita daktari wa mawe.

Nakuandikia kwa sababu huku mtandao hakuna. Ukitaka kupiga simu mpaka upande kwenye ukingo wa kreta, na hata huko inategemea ukungu. Emilian anashuka Karatu mara kwa mara kuchukua dizeli, amekubali kutubebea barua.

Lakini sikuandika kwa ajili ya mguu. Unaikumbuka ile kona ambapo barabara inatoka kwenye baridi ya juu na kuanza kuteremka, pale majani yanapoisha ghafla na kubaki vumbi la kijivu na mawe meusi? Ulipokuja harusini kwangu ulimsimamisha dereva pale ukashuka kuokota mawe, wageni wote wakakungoja juani. Hapo hapo wajenzi wamechimba shimo la moramu, ule udongo wa changarawe wa kushindilia barabara. Ni kubwa, malori yanaingia mpaka chini kwa njia ya mteremko upande mmoja.

Kwanza walikufa ndege. Hatukujali. Halafu asubuhi moja kondoo wetu waliteremkia mle, kwenye zile nyasi chache zilizoota chini, na hawakupanda tena. Mchana upepo ulipoanza, mimi na Tobiko tuliingia kuwaangalia. Walikuwa wamelala ubavu kama waliochoka. Hakuna damu, hakuna povu, tumbo halijavimba. Juu yao alikuwa fisi, mdomo wazi kwenye paja la kondoo, na hajauma. Alikufa kabla ya kuuma, Hyasinta.

Kilichonifanya nirudi nyuma ni kitu kingine. Hapakuwa na nzi. Wewe unajua huku kwetu nzi wanafika kabla mzoga haujapoa. Nikatazama chini, nikawaona. Wametapakaa vumbini kama punje za mtama mweusi. Hata nzi walikuwa wamekufa.

Watu wanasema ni sumu. Wanasema wajenzi wameitega ili kuua mbwa wetu na fisi wanaowaibia nyama kambini. Tobiko hajasema kitu. Amenyamaza tu, na wewe hujamwona mume wangu akinyamaza.

Ulisomea ardhi. Niambie kuna nini mle.

Wako,
Naishorua

*

Endamarariek
10 Juni 2023

Naishorua ndugu yangu,

Cheka tu. Mguu huu unaniwasha ndani ya hogo na siwezi kuufikia. Mama, Aayo wetu, amenipa mwiko wa ugali nijikune nao, halafu analalamika mwiko umepotea jikoni.

Barua yako imenitoa usingizi. Nimeisoma, nikaisoma tena, na nakuambia bila kuzunguka: hicho ni kimeta. Mnyama anayekufa ghafla bila kuugua, na anayemla naye anakufa. Kimeta kinakaa ardhini miaka mingi, na mtu akichimbua udongo kinaamka. Msile ile nyama. Msichune ngozi. Msiwaguse kwa mikono mitupu. Chomeni mizoga, na mumwite bwana mifugo leo, si kesho. Mwambie shemeji Tobiko nimesema hivyo na kwamba simtanii.

Na huo uvumi wa sumu, tafadhali uzimeni mapema. Kaka yangu Leonce yuko na hao wajenzi. Hajapiga simu siku nyingi, na Aayo kila jioni anauliza kama nimepata habari zake. Hukumwona? Mrefu, anatembea kama anayepima shamba kwa hatua. Ukikutana naye mwambie nyumbani wanamsubiri, halafu mpe maziwa ya mgando, anayapenda ingawa anajifanya hayapendi.

Nijibu haraka kuhusu bwana mifugo.

Hyasinta

*

Boma la Tobiko
15 Juni 2023

Hyasinta,

Bwana mifugo alikuja. Alichukua damu, akapeleka, majibu yakarudi. Si kimeta. Alisema si ugonjwa wowote anaoujua. Alisimama juu ya shimo akatikisa kichwa, akapanda pikipiki yake akaondoka.

Sasa nakuambia yaliyotokea tangu hapo. Ng'ombe wetu mmoja aliingia asubuhi na ndama wake. Ng'ombe akatoka. Ndama akabaki. Alianguka pale pale pembeni ya mama yake, na mama akawa anatembea juu yake akilia. Tuliona wote kwa macho yetu tukiwa ukingoni. Ni sumu gani inayochagua ndama na kumwacha mama?

Na jambo linalowauma watu zaidi ni hili: wajenzi wanaingia mle kila siku. Wanafika jua likiwa juu, wanachimba, wanapakia, wanakula chakula chao cha mchana humo humo, na hakuna hata mmoja anayekohoa. Wanyama wetu wakiingia asubuhi, wanakufa. Kwa hiyo watu wanasema, wao wanajua sumu iko wapi na wanajua pa kukanyaga.

Hyasinta, nilikuficha kitu. Kaka Leonce nimemwona siku nyingi. Nilimpa maziwa hata kabla hujaniambia. Sikuandika jina lake kwa sababu yeye ndiye fomeni wa shimo lile, na ndiye anayetajwa. Nilifikiri maneno yatapoa kabla hujayasikia. Hayakupoa. Parmuat, mdogo wake Tobiko, anasema kambi ichomwe. Vijana wenzake wanamsikiliza. Wanasema Wairaqw, watu wa kwenu, wametuchoka, wanataka tuhame njia yao. Nilimwambia, "Parmuat, huyo mtu ni kaka wa rafiki yangu." Akanijibu, "Ndiyo maana unamtetea."

Tobiko amewazuia vijana. Amesema hakuna moto kabla ya kikao. Lakini ni yeye aliyepoteza mifugo, na ni yeye aliyeitisha kikao, kifanyike pale pale shimoni, asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka. Leonce ameitwa aje ajibu.

Andika kitu niwasomee. Kama si sumu, ni nini? Andika kwa maneno ambayo nikiyageuza Kimaasai hayatapotea njiani. Emilian anakusubiri ukimaliza, nimemwomba.

Naishorua

*

Endamarariek
18 Juni 2023

Naishorua,

Nilikosea kuhusu kimeta. Yule ng'ombe na ndama wamenionyesha kila kitu, na sijui kwa nini sikuliona tangu uliponiandikia habari za wale nzi. Emilian amekaa uani anakunywa chai na Baba, nami naandika mbio. Wasomee hivi:

Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Hyasinta, binti wa Yohani wa Endamarariek. Wengine mlinilisha nyama kwenye harusi ya Tobiko. Kazi yangu ni kusoma miamba.

Hakuna sumu katika shimo lile. Hakuna mtu aliyetega kitu.

Mlima Lemagrut uliopoa zamani, Oldeani, na Oldoinyo Lengai ambao mpaka leo unafuka, yote ilitoka kwenye moto mmoja ulio chini sana. Nchi yetu, kuanzia Ziwa Eyasi mpaka Natron, inapasuka polepole sana, hata macho hayaoni. Kwenye mipasuko hiyo moto wa chini unatoa hewa. Ni hewa ile ile tunayoitoa puani tukipumua. Haina rangi na haina harufu. Kidogo yake haidhuru. Ikijaa mahali inaua, kwa sababu inaifukuza ile hewa tunayoihitaji.

Hewa hiyo ni nzito. Inatuama mahali pa chini kama maji kwenye karai. Pale juu palikuwa na tabaka gumu la majivu ya kale yaliyogeuka jiwe, nalo lilikuwa limeufunika mpasuko. Katapila lilipotoboa tabaka lile, hewa ikapata mlango. Asubuhi kukiwa na baridi na hakuna upepo, inajaa shimoni. Jua likipanda upepo unaizoa. Ndiyo maana wajenzi wanaingia mchana wanatoka salama. Ndiyo maana ng'ombe, aliyeinua kichwa juu, alitoka, na ndama hakutoka.

Hayo ndiyo ya kusoma. Sasa upande wa pili wa karatasi ni wako wewe na ni wa wote, hakikisha umeusoma pia:

Asubuhi mtu yeyote asishuke. Hata mtu mzima, hata mrefu. Miguu inakatika kabla hujajua. Na akianguka mmoja, mwingine asimfuate. Huko kwenye milima mingine ambako hewa hii ipo, wanaokufa zaidi ni wale wanaokwenda kuokoa. Tumieni kamba, tumieni mti mrefu, ngojeeni upepo. Mtu asishuke. Nakusihi. Ukitaka kuwaonyesha, kuna njia ya moto, nitakuandikia vizuri nikipata nafasi. Emilian ameshawasha gari.

Mwambie Leonce asiwe na kiburi kikaoni.

Hyasinta

*

Endamarariek
26 Juni 2023

Naishorua, mbona kimya?

Boza limekuja Karatu na dereva mwingine, si Emilian. Baba alimfuata mpaka kituo cha mafuta akamwuliza habari za kikao. Yule dereva akasema, "Mambo yameisha kule, mzee." Baba alirudi amefurahi, akachinja jogoo. Aayo aliimba akiwa anamnyonyoa, nyimbo za kanisani na za kwetu zikichanganyika.

Basi nami nakula supu, nawaona kichwani mkiwa mmekaa na Leonce, Tobiko akimpa ugoro, na Parmuat amenuna pembeni kidogo lakini amekaa. Nina hamu ya kujua walisemaje uliposoma ile ya moto wa chini. Walicheka? Mzee yupi aliuliza maswali? Nilipokuwa chuoni hakuna aliyewahi kunisikiliza kwa jambo kubwa namna hiyo.

Uliwaonyesha upande wa pili? Nijibu hilo hata kama hujibu mengine.

Mwambie Leonce apande ukingoni apige simu. Asingoje mpaka mshahara.

Hyasinta wako

*

Boma la Tobiko
28 Juni 2023

Hyasinta,

Tobiko amefariki. Leonce ni mzima. Nimeandika hayo kwanza ili usiyatafute chini.

Kama Leonce hajafika kwenu, yuko kwenye hospitali iliyo barabarani, Emilian alimpeleka na hajatoka pembeni ya kitanda chake. Ndiyo maana barua hii inaletwa na dereva mwingine.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Nimeshindwa kumweleza mtu mwingine.

Asubuhi ya kikao kulikuwa na ukungu na baridi. Hakuna jani lililotikisika. Wanaume walikaa ukingoni, wamejifunika shuka mpaka puani, wanawake sisi nyuma. Leonce alikuja peke yake, amevaa lile koti lake la njano la kazi. Aliwaacha wenzake kambini makusudi, ili isionekane amekuja kwa vita. Akawapa wazee mkono. Parmuat hakuupokea.

Tobiko akasema, "Mke wangu ana maneno kutoka kwa mtu aliyesoma. Tumsikie kwanza." Nikasimama. Nilikuwa nimeisoma barua yako yote, pande zote mbili, jana yake. Nilijua yaliyomo. Nikasoma salamu zako, nikazigeuza Kimaasai, wazee wakaitikia. Nikasoma: hakuna sumu katika shimo lile, hakuna mtu aliyetega kitu.

Sikuendelea. Kelele ilikuwa kama ng'ombe wanaovunja zizi. Parmuat aliruka akasema, "Aliyeandika ni nani? Si dada yake? Dada wa tumbo moja! Mlitaka aandike nini?" Mzee mmoja akamwambia akae. Hakukaa. Akasema, "Basi kama hakuna sumu, huyu aingie."

Nikasema, "Ngojeni, sijamaliza." Nilisema kwa Kimaasai, nikasema kwa Kiswahili.

Leonce alikuwa ameshasimama. Uso wake ulikuwa umefurahi, Hyasinta. Alikuwa amesikia dada yake anasema hakuna sumu, na kwake yeye hilo lilitosha. Alikuwa ameingia mle kila siku. Akasema, "Kama hamuamini mkono wa dada yangu, tazameni miguu yangu." Akaanza kuteremka ile njia ya malori.

Nikamwita, "Leonce! Bado kuna upande wa pili! Leonce, rudi!" Akanipungia mkono bila kugeuka. Katikati aligeuka, akatucheka, akasema, "Mnaona?" Akashuka hatua chache. Miguu yake ikakatika. Hakupiga kelele. Alianguka kama koti linaloanguka kutoka kwenye msumari.

Mimi nilitazama mahali Tobiko alipokuwa amekaa, na hakuwepo. Fimbo yake ilikuwa chini. Alikuwa tayari anakimbia kuteremka.

Yeye ndiye aliyeitisha kile kikao. Kondoo walikuwa wake na ndama alikuwa wake. Sijui aliwaza nini, na sasa sitajua. Alimshika kaka yako chini ya makwapa, akamwinua, akamsukuma kupanda, na Leonce ni mrefu, unajua, miguu yake ilikuwa inaburuta. Alimfikisha mahali ambapo wazee wawili waliweza kulala kifudifudi wakamnyaka koti na kumvuta. Walipomshika, Tobiko akamwachia. Akakaa chini. Alikaa kama mtu anayetaka kupumzika kidogo baada ya kazi. Akanitazama. Halafu akalala ubavu, akateleza, akarudi mpaka chini.

Hapo Parmuat akaja mbio.

Njia ya kuingilia ni moja. Nilisimama katikati. Nikasema, "Usishuke, utakufa, imeandikwa, anayefuata ndiye anayekufa." Alinisukuma nikaanguka. Nikamshika miguu. Akaniburuta. Nikamng'ata mkono, sikuachia, nikahisi damu yake mdomoni. Vijana wengine wakaja, nikawatupia mawe. Mimi, Hyasinta. Mume wangu amelala pale chini, na mimi nawatupia mawe watu wanaotaka kumtoa.

Emilian alifika na kamba na nondo iliyopinda. Tulimvuta kwa shuka lake. Alikuwa hana jeraha. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesinzia kanisani. Leonce wakati huo alikuwa ameanza kukohoa na kutapika.

Tumemzika. Parmuat amefunga mkono na haniangalii. Mama yake, yeyo Nasieku, haingii nyumbani kwangu, na nikimpelekea chai haigusi. Wanasema Tobiko alikuwa bado hai. Wanasema kama nisingemzuia Parmuat, angemtoa. Hawanipigi, hawanitukani. Wanasema tu nikiwa karibu, bila kushusha sauti.

Na mimi nimefika mahali ninajiuliza hivyo hivyo.

Wewe ndiye uliyeandika anayefuata ndiye anayekufa. Niambie. Alikuwa hai? Usinifariji, wewe ni rafiki yangu, ukinifariji nitajua. Niambie ukweli tu.

Naishorua

*

Endamarariek
1 Julai 2023

Naishorua,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Barua yangu ya supu na jogoo ilikufikia? Kama bado, ikifika ichome. Kama imekufikia, nisamehe.

Umetaka ukweli. Sijui kama moyo wake ulikuwa unapiga. Huenda ulikuwa unapiga bado, kwa muda mfupi. Siwezi kukuapia kwamba alikuwa ameshakufa alipolala ubavu, na nikikuapia utakuwa uongo. Ninachokijua ni kwamba Parmuat asingemtoa. Pale chini mtu havuti pumzi za kutosha kumbeba mwenzake na kupanda naye. Angeinama kumshika, na kuinama ndiko kunakoua. Angelala juu yake. Wa tatu angelala juu ya Parmuat. Mngekuwa mnavuta watu kwa nondo mpaka upepo uje.

Tobiko aliweza kwa sababu Leonce alikuwa hajafika chini kabisa. Hilo nalo ni kweli, na nitalibeba maisha yangu yote, kwamba alipumua mara ya mwisho akimsukuma kaka yangu.

Na nyingine nitakayoibeba ni ile sentensi ya kwamba hakuna sumu. Niliiweka mbele kwa sababu nilikuwa namwokoa Leonce kwenye maneno ya watu. Ya kuokoa pumzi zao nikayaweka nyuma ya karatasi. Wewe uliagiza maneno yasiyopotea njiani. Sikukosea neno hata moja, Naishorua, na bado mtu amekufa.

Leonce ameletwa nyumbani. Hataki kula. Baba anamlisha uji kwa kijiko kama mtoto, naye anatazama ukuta. Jana alisema kitu kimoja tu: "Nilisikia mtu ananishika, nikadhani ni wewe."

Sasa sikiliza, nitaandika kwa mpangilio, na safari hii la hatari liko mbele. Msikaribie ule mteremko. Simameni juu, ukingoni, mahali ambapo upepo ukitokea unawapiga kisogoni mkielekea shimoni, si usoni. Tafuteni miti mirefu myembamba, muiunge mpaka ifike chini. Fungeni nyasi kavu na kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye ncha. Asubuhi ya baridi, isiyo na upepo. Washeni, mteremshe polepole. Moto unahitaji hewa ile ile tunayoihitaji sisi. Utakapozimika, hapo ndipo mtu angekufa.

Usiushike wewe huo mti. Mpe Parmuat. Aushike mwenyewe, kwa mkono wake, ateremshe mahali popote anapotaka yeye.

Mguu wangu bado. Daktari amekataa kabisa nisipande gari. Ningekuja hata kwa kutambaa, lakini ningefika baada ya kila kitu, kama barua zangu.

Hyasinta

*

Boma la Tobiko
9 Julai 2023

Ndugu yangu Hyasinta,

Shimo limefukiwa. Utakuwa umeshasikia kwa Leonce mwenyewe, maana alikuja na baba yako, na baba yako hakula wala kunywa mpaka alipopelekwa kaburini. Wajenzi walileta malori tangu jua lilipopanda na upepo ulipoanza, wakamwaga mawe na udongo mpaka pakawa juu kuliko barabara, na bwana mmoja wa mkoani amesema wataweka bomba la kutolea hewa na uzio. Sijui kama watafanya. Sisi tumeweka miiba. Leonce alikuwa hawezi kunitazama. Nikamwambia, "Kaka, kula. Usipokula atakuwa amesukuma bure." Akala.

Lakini nataka kukueleza ya kabla ya hapo, siku ya moto.

Parmuat alikataa kwanza. Alisema haya ni maneno ya yule yule. Nikamwekea miti mbele ya nyumba yake, na mafuta ya taa, na kiberiti, nikaondoka. Asubuhi nikaviona havipo. Nikatembea mpaka shimoni, nikamkuta ameshaiunga miti mwenyewe na amefunga nyasi. Walikuwepo vijana wenzake. Hatukusalimiana. Nilisimama mbali nao, ukingoni, kama ulivyosema, kisogo kwenye upepo ingawa upepo haukuwepo.

Akawasha. Moto ulikuwa mkubwa, ulitoa moshi mweusi. Akaanza kuteremsha. Ulipopita mdomo wa shimo ulikuwa bado unawaka vizuri, na mmoja wao akacheka. Ukashuka zaidi. Ukazimika. Haukufifia, Hyasinta. Ulizimika kama umechovywa majini, na moshi wake ukalala pale pale, ukatandaa juu ya kitu tusichokiona, kama malai juu ya maziwa.

Parmuat akavuta juu, akawasha tena. Akahamia upande mwingine. Ukazimika. Akaenda kwenye ile kona ambako Tobiko alilala. Pale alishusha polepole sana. Ukazimika. Akawa anawasha na kushusha, anawasha na kushusha, mpaka nyasi zikaisha, na hakuna mtu aliyemwambia aache.

Halafu akafanya jambo ambalo wewe hukuliandika. Kabla ya kuvuta mti mara ya mwisho, aliugusisha chini kabisa, akakariri fundo la kamba, pale alipoungia miti, lililokuwa usawa wa ule moshi uliolala; hilo likawa alama yake. Alipoutoa akausimamisha wima kando yake, akasimama yeye mwenyewe, wima, mabega nyuma, kama anayepimwa urefu. Akatazama. Alama ilikuwa juu ya kichwa chake. Ilikuwa juu sana ya kichwa chake.

Akauachia mti ukaanguka. Akakaa chini. Akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, si kwa mtu, "Mimi nilikuwa naenda kuingia humo." Akaitazama ile bandeji mkononi kama vile imefungwa sasa hivi.

Sikujua kwamba yeyo Nasieku yupo. Alikuwa amekuja nyuma yetu, amekaa kwenye mawe meusi na shuka lake kichwani, ameona kila kitu tangu mwanzo. Nilimsikia akitembea, shanga zake zikilia. Nikafikiri anakwenda kwa mwanawe. Alimpita. Alikuja mpaka kwangu, akasimama karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, naye hajawahi kunisemesha tangu tulipozika.

Akasema, "Nilizaa wavulana wawili."

Nikasema, "Ndiyo, yeyo."

"Siku ile ilikuwa nizike wote wawili."

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakiweka begani kwake, akasema, "Umenibakizia mmoja." Halafu sauti yake ikavunjika, na yangu ikavunjika, na tukamlilia Tobiko pamoja, mara ya kwanza tangu afe.

Wako,
Naishorua